Waacheni Wafukue Makaburi

Mtu akitoa kitabu kinachopingana na historia tuliyokaririshwa shuleni, majibu huwa yameshapangwa foleni. Wa kwanza atasema anafukua makaburi. Wa pili atasema anapotosha historia. Wa tatu, ambaye kitabu chenyewe hajakitia mkononi, atauliza katumwa na nani na kalipwa kiasi gani. Mjadala unafungwa kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa, na wote watatu wanakwenda zao wakiamini wameitetea nchi.

Nyuma ya majibu hayo kuna imani moja iliyoenea kuanzia vijiwe vya kahawa hadi bungeni: historia ni yale yaliyotokea, yaliyotokea hayabadiliki, kwa hiyo anayetaka kuibadilisha historia ama ni mwongo ama ana lake jambo. Kwamba yaliyotokea hayabadiliki ni kweli tupu. Kinjikitile Ngwale alinyongwa mwaka 1905 na hakuna mwanahistoria atakayemfufua. Lakini historia tunayoisoma ni maelezo ya watu kuhusu yaliyotokea. Waliyaandika kwa ushahidi waliokuwa nao, na mara nyingi chini ya jicho la yule aliyewalipa mshahara. Ushahidi ukiongezeka, maelezo hayana budi kubadilika. Yasipobadilika ndipo tushtuke.

Nami nakwenda mbali zaidi. Anayekataza historia isipitiwe upya halindi ukweli waliotuachia wazee. Analinda mapitio ya mwisho yaliyofanywa na wenye nguvu, na anataka tuyaite ukweli wa milele.

Tuanze na Kenya, kwa kuwa huko shauri lilifika hadi mahakamani. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau, na historia ya vita hivyo ilianza kuandikwa risasi zikiwa bado zinalia. Daktari wa magonjwa ya akili, J. C. Carothers, aliiandikia serikali maelezo yaliyoufanya uasi kuwa maradhi ya akili: watu waliopoteza mila zao kabla hawajauzoea ulimwengu mpya. Mwaka 1960 ikatoka ripoti ya F. D. Corfield, iliyombebesha Jomo Kenyatta na viapo lawama yote. Ardhi iliyochukuliwa ili wapewe walowezi, maskwota waliofukuzwa mashambani, mishahara ya njaa ya Nairobi, yote hayo yalisukumwa pembeni. Hii ndiyo iliyokuwa historia rasmi. Tena iliandikwa na watu waliokuwepo, waliowaona wafungwa kwa macho yao na waliokuwa na majalada yote ya serikali mezani. Wale wanaotuambia kwamba shahidi wa wakati ule ndiye wa kuaminiwa kuliko mtafiti aliyezaliwa baadaye, watueleze kwa nini hawamwamini Corfield.

Au watueleze habari ya kambi ya kizuizini ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi hiyo walipigwa na askari wao hadi wakafa, kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa miili ukaonyesha vipigo, na kufikia Julai wabunge wa London walikuwa wakirushiana maneno usiku kucha juu ya vifo hivyo. Historia ya Hola, kwa hiyo, ilipitiwa upya ndani ya miezi michache tu. Nani leo atathubutu kusema kwamba waliofanya hivyo walikuwa wapotoshaji, na kwamba tungebaki na hadithi ya maji?

Uhuru ulipokuja, wengi walitegemea wapiganaji wa msituni wangepewa haki yao katika masimulizi ya taifa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1962 Kenyatta aliifananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha kutokomezwa, akataka usikumbukwe tena. Kaulimbiu ikawa kwamba sote tulipigania uhuru, na waliokuwa homgadi wa mkoloni wakakaa meza moja na waliotoka kizuizini, wakati mwingine wakiwa na ardhi kubwa zaidi. Marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003. Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alipata sanamu yake Nairobi mwaka 2007. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekuwa akikusanya nyaraka na nyimbo za wapiganaji, alitiwa gerezani mwaka 1982 akakaa miaka sita. Nawauliza wapenda utulivu: hapo nani alikuwa akiipindua historia, yule aliyefungwa kwa kukusanya nyimbo au dola lililoamuru watu wasahau?

Kilichofuata kinapaswa kusomwa na kila anayedhani kuiandika upya historia ni kazi ya wachochezi. Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili. David Anderson alipekua majalada ya kesi akaonyesha kwamba zaidi ya watu 1,000 walipelekwa kwenye kitanzi, idadi ambayo hata kwa vita vya kikoloni ilikuwa ya kutisha. Caroline Elkins alichanganya nyaraka na ushuhuda wa wazee, akaeleza kambi za kizuizini na vijiji vya lazima vilivyozungushiwa nyaya. Walishambuliwa. Elkins hasa aliambiwa kwamba amewaamini mno wazee na ameongeza chumvi. Mwaka 2009 wazee wachache wa Kenya wakafungua kesi London, na wanahistoria wakasimama nao kama mashahidi. Kesi ikiendelea, mwaka 2011, serikali ya Uingereza ikalazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada ya makoloni yake ya zamani mahali paitwapo Hanslope Park, yakiwemo yale yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru. Mwezi Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, akasimama bungeni, akakiri mateso, akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228.

Kila hatua ya kisa hicho, kuanzia vitabu hadi fidia, ilikuwa kuipitia upya historia. Hakuna hata shilingi moja iliyopatikana kwa juhudi za wale waliosema yaliyopita si ndwele. Na majalada ya Hanslope Park hayakujitokeza yenyewe kwa kuona haya. Yalitoka kwa sababu kulikuwa na watu wakaidi, waliosoma nyaraka zilizokuwepo kwa makini kiasi cha kutambua kwamba nyingine zimekosekana.

Mpinzani wangu atasema: lakini huyo Elkins si alikosea hesabu? Ni kweli kwamba makadirio yake ya juu ya waliokufa hayakusimama. Mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alipima sensa za Kenya na mwaka 2007 akafikia makadirio ya vifo vya ziada takriban 50,000 miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, karibu nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka kumi. Idadi hiyo ni ndogo sana kuliko ile ya juu ya Elkins, na ni kubwa mara kadhaa kuliko ile ya serikali, iliyotaja Mau Mau 11,000 na kitu waliouawa. Ila tazama nani alimsahihisha Elkins. Hakusahihishwa na waziri wala na kamati ya maadili ya taifa. Alisahihishwa na mtafiti mwingine, kwa hesabu iliyochapishwa ili nayo ikaguliwe. Hukumu ya mahakama ya wilaya ikitenguliwa na Mahakama ya Rufaa, hatusemi kwamba haki imepotoshwa. Tunasema rufaa imefanya kazi yake. Historia nayo ina ngazi za rufaa, tofauti ikiwa kwamba mahakama yake ya mwisho haijajengwa.

Wala mapitio hayo hayakumpendelea aliyependwa. Bethwell Ogot alikuwa ameshaandika mapema miaka ya 1970 kuhusu wazee wa Kikuyu waliosimama upande wa serikali, akikataa kuwaita vibaraka tu bila kuwasikiliza. Wengine wakarudi Lari, ambako usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walichoma nyumba za familia za waliounga mkono serikali, wakiwemo wanawake na watoto, na ambako kisasi cha vikosi vya serikali nacho kilimwaga damu nyingi. Anayedhani kwamba kuiandika upya historia ni kuwapamba mashujaa wake, asome habari za Lari.

Tuvuke mpaka. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vinafundishwa Tanzania kama mbegu ya taifa: makabila mengi, adui mmoja, maji yaliyowaunganisha. Wengi wanaamini hayo ndiyo maelezo ya asili ambayo watafiti wa siku hizi wanataka kuyachafua. Sivyo. Maelezo ya kwanza kuchapishwa yalikuwa ya Wajerumani, akiwemo Gavana von Götzen, walioeleza vita hivyo kwa uchawi na ushirikina wa washenzi waliodanganywa na waganga. Aliyeanza kuyapindua mbele ya dunia alikuwa mwanasiasa, Julius Nyerere, alipozitaja harakati hizo Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama mapambano ya watu dhidi ya kutawaliwa. Kisha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, John Iliffe na Gilbert Gwassa wakiwa mstari wa mbele, wakafanya kazi kubwa. Gwassa alikwenda Umatumbi kuwasikiliza wazee waliokuwa bado hai, na mwaka 1968 wanafunzi wakatumwa vijijini kukusanya masimulizi. Pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko vya maakida, vyote vikaingia kwenye historia kwa mara ya kwanza vikiwa na sauti za waliochapwa.

Hayo yalikuwa mapitio, tena ya kupigiwa makofi. Basi kwa mantiki gani mapitio ya mwaka 1968 yawe halali na ya mwaka 1998 yawe usaliti? Kuanzia miaka ya 1990 watafiti kama Jamie Monson na Thaddeus Sunseri walirudi kwenye nyaraka wakauliza maswali ambayo kizazi cha uhuru hakikuwa na haja ya kuyauliza. Wangoni wa Songea walipigana kwa sababu zile zile za Wamatumbi wa Nandete waliong'oa pamba? Ugomvi wa zamani kati ya majirani uliingiaje vitani? Amri za kuzuia uwindaji na kufunga misitu zilichangia nini, wakati nguruwe pori walikuwa wakimaliza mashamba na bunduki na nyavu vimepigwa marufuku? Majibu yao yalionyesha vita vingi ndani ya vita kimoja. Kuna walioona kwamba wameutukana umoja wa kitaifa. Mimi naona wamewarudishia Wamatumbi, Wangoni, Wabena na Wapogoro akili zao wenyewe, maana katika masimulizi ya zamani wote waligeuzwa watangulizi wa TANU, chama ambacho kilizaliwa miaka 49 baadaye.

Hata Kinjikitile anahitaji kuokolewa na mashabiki wake. Wengi wanamfahamu kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na wanamtaja kana kwamba aliongoza vita tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu wa kihistoria, mganga wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa. Vita viliendelea kwa takriban miaka miwili bila yeye. Hussein aliandika tamthilia, akafanya kazi ya mtunzi. Kosa ni letu tuliogeuza jukwaa kuwa jalada la nyaraka.

Kuhusu waliokufa, Wajerumani walitaja 75,000. Gwassa alifikia makadirio ya 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya jeshi kuchoma mazao na maghala kwa makusudi. Tofauti kati ya namba hizo mbili inabadilisha jina la tukio: ya kwanza inasimulia kuzimwa kwa maasi, ya pili inasimulia watu kuangamizwa kwa njaa. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha, alikuja kwa sababu ya namba ya pili na kazi yote iliyofanywa kuitafuta. Na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, bado wanadai fuvu la mzee wao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Wanaotukataza kufukua makaburi waende wakawaambie hao kwanza kwamba mzee wao alizikwa, yakaisha.

Nisije nikaeleweka kwamba kila jipya ni bora kuliko la zamani. Pwani yetu ina somo la kinyume. Masimulizi ya Kilwa, ambayo Mreno João de Barros aliyachapisha kwa namna yake mwaka 1552, yanasema watawala walitoka Shirazi. Waandishi wa kikoloni waliyapokea kwa furaha, wakahitimisha kwamba Mwafrika hakujenga chochote na kila jiwe la pwani liliwekwa na mgeni. Kizazi kilichofuata kikapindua meza. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha mji ukikua kutokana na kijiji cha wenyeji, na James de Vere Allen akashikilia kwamba Ushirazi ulikuwa utambulisho uliotungwa hapa hapa. Kufikia miaka ya 1990, aliyetaja Uajemi kwenye mkutano wa wasomi alichekwa.

Mwaka 2023 makaburi yakasema. Watafiti, Chapurukha Kusimba akiwa mmoja wa viongozi wao, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani. Wengi wa watu hao wa mijini walikuwa na zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka kwa Waafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya nasaba iliyobaki ilitoka Asia kupitia wanaume, hasa Waajemi, na mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Bibi Mwafrika, bwana kutoka Ghuba: ndivyo wazee wa pwani walivyokuwa wakisimulia siku zote, wakipuuzwa kwanza na mkoloni aliyewafuta mabibi, kisha na msomi aliyewafuta mabwana. Mapitio yalikuja kuyapa nguvu masimulizi ya kale bila kuirudisha kasumba ya mkoloni. Huwezi kujua mapema ukweli utaangukia upande gani. Ndiyo sababu huwezi kuyakataza mapitio kwa kuogopa upande mmoja.

Sasa hoja nzito kuliko zote. Wapo wanaojiita wapitiaji wa historia na kazi yao ni kukanusha mauaji ya halaiki. Je, mlango ninaoufungua si ndio watakaopitia? Jibu liko katika kesi ya David Irving. Mwandishi huyo Mwingereza alimshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt na mchapishaji wake, kampuni ya Penguin, kwa kumwita mkanushaji wa mauaji ya Wayahudi. Mwanahistoria Richard Evans akapewa kazi ya kufuata tanbihi za vitabu vya Irving hadi kwenye nyaraka zenyewe. Alikuta maneno yamekatwa, tarehe zimesogezwa, mashahidi wamechaguliwa kwa kuwa walimfaa, na kila kosa likiangukia upande uleule wa kumtakasa Hitler. Tarehe 11 Aprili 2000 Jaji Charles Gray aliamua kwamba Irving aliupindisha ushahidi kwa makusudi. Hakuangushwa kwa sababu aliigusa historia iliyokatazwa kuguswa. Aliangushwa na watu walioipitia historia kwa uaminifu kuliko yeye.

Kwetu pia jambo hili si geni. Mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilisikiliza mashahidi kwa miaka mingi, na mwaka 2006 kitengo chake cha rufaa kikatamka kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 ni jambo linalojulikana, lisilohitaji kuthibitishwa upya katika kila kesi. Anayelikanusha leo hapitii chochote, kwa kuwa hana waraka mpya wala shahidi mpya; ana chuki ya zamani tu. Mpitiaji wa kweli huongeza ushahidi na kueleza ule unaomkwaza. Mkanushaji huupunguza, na unaomkwaza huuficha. Tukishaijua tofauti hiyo hatuhitaji kumwogopa yeyote. Tunahitaji wasomaji wanaofuata tanbihi.

Tukiingia kwenye siasa, unafiki unazidi. Mwaka 1899 Eduard Bernstein, msomi wa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, aliandika kwamba ubepari haukuwa ukiporomoka kama Marx alivyobashiri, na kwamba chama kiseme waziwazi kile ambacho tayari kilikuwa kikikifanya, yaani kutafuta mageuzi kupitia bunge. Wenzake wakamlaani mkutano baada ya mkutano, kisha wakarudi bungeni kutafuta mageuzi. Tangu hapo wanamapinduzi wa dunia nzima wameitana warevisionisti kama tusi: Peking ikaitukana Moscow, na wafuasi wao Mlimani, Dar es Salaam, wakalipokea tusi hilo na kulitumia kwa ari kubwa. Mara nyingi mtuhumiwa hakuwa aliyebadilika kuliko wengine. Alikuwa aliyekiri.

Tanzania ina Bernstein asiye na jina. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimzuia kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba, na vijana walitembea kwa miguu kutoka mikoani kuliunga mkono. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Chama Cha Mapinduzi ilikutana Zanzibar ikayalegeza masharti hayo. Hakuna aliyetembea kwa miguu. Ujamaa na Kujitegemea vikabaki kwenye katiba ya chama, miiko ikaondoka, na tukaambiwa hakuna kilichobadilika. Sibishani hapa kama uamuzi wa Zanzibar ulikuwa wa busara. Huenda uchumi ulilazimisha. Nabishana na ukimya wake. Itikadi ya taifa ilipitiwa upya faraghani, na hakuna aliyeitwa mpotoshaji. Miaka michache baadaye, Mohamed Said alipochapisha kitabu kuhusu Abdulwahid Sykes mwaka 1998, na kuuliza kwa nini waasisi fulani wa TAA na mrithi wake TANU hawaonekani ipasavyo katika historia ya chama, alijibiwa kwamba analeta udini.

Nazitumia hoja za Mohamed Said kwa makusudi, kwa sababu yeye haufichi upande aliosimama. Anaandika akiwatetea Waislamu wa mji wa Dar es Salaam na familia anazozijua. Wanaosema kwamba mpitiaji ana ajenda wamepatia, ila swali hawajalimaliza. Von Götzen alikuwa na ajenda. Corfield alikuwa na ajenda. Chuo cha Chama Kivukoni kilipoandika historia ya TANU kilikuwa na ajenda kubwa kuliko wote, maana chama kilikuwa kinajiandikia wasifu. Kwamba Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, iliyokuja kuwa TAA, mwaka 1929, na kwamba mwanawe Abdulwahid alikiongoza chama hicho kabla Nyerere hajachaguliwa mwaka 1953, ni mambo ya kwenye nyaraka, yasiyobadilika kwa dini ya anayeyataja. Akizidisha uzito wa hayo katika maelezo yake, aonyeshwe alipozidisha. Susan Geiger alifanya hivyo upande wa wanawake: kwa kumsikiliza Bibi Titi Mohamed na wenzake alionyesha kwamba vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam vilikuwa mtandao wa TANU kabla ya matawi mengi ya wasomi. Alikuwa na ajenda, naam. Bila ajenda hiyo tungeendelea kufundishwa kwamba uhuru ulitafutwa na wanaume waliopitia shule za misheni.

Imebaki hoja ya amani. Tunaambiwa kwamba hata kama ni kweli, si kila kweli husemwa, nchi itawaka moto. Kenya ilijaribu njia hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokabidhi ripoti yake Mei 2013, sehemu ya sura ya ardhi ilikuwa imebadilishwa baada ya shinikizo kutoka ngazi za juu, na makamishna watatu wa kigeni wakakataa kuitia saini sura hiyo. Aya ziliondolewa, ugomvi wa ardhi haukuondoka. Zanzibar nayo kwa muda mrefu ilisimulia Mapinduzi ya 12 Januari 1964 bila kumpa nafasi John Okello, Mganda aliyeyatangaza redioni na kuondolewa visiwani baada ya wiki chache. Watoto walimjua kwa minong'ono ya nyumbani. Historia isiyosemwa darasani husemwa barazani, na huko haina tanbihi wala mtu wa kuisahihisha. Anayetaka chuki ipungue, basi ailete historia hiyo mezani ikaguliwe.

Tanzania sasa imeanzisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nia ya kuwafundisha watoto historia yao kwa lugha yao naiunga mkono bila kusita. Wasiwasi wangu ni kwamba historia iliyofungwa kamba moja na maadili hugeuka haraka kuwa orodha ya watu wa kuheshimiwa. Tuchague njia nyingine. Mwanafunzi apewe ukurasa wa von Götzen, ushuhuda wa mzee wa Kimatumbi uliokusanywa miaka ya 1960, na hoja ya mtafiti wa miaka ya 1990, kisha aulizwe: nani anajua nini, amekijuaje, na anaficha nini? Mtihani usimpe alama kwa kukariri mshindi. Umpe alama kwa kupima ushahidi. Kizazi kilichofunzwa hivyo hakitatikiswa na mkanushaji wala hakitahitaji serikali ikichagulie vitabu.

Na anayeona kwamba makala haya yenyewe yamekosea, jukumu lake ni lile lile ninalowadai wengine. Asiulize nimetumwa na nani. Ataje jalada, ataje ukurasa, ataje shahidi niliyemruka, nami nitalazimika kuandika upya.